Ultrasaundi inasema safi, lakini tumbo haliachi kuuma: je, ni endometriosisi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 28, naishi Kahama. Tumbo la chini ya kitovu linaniuma tangu nikiwa kidato cha pili. Zamani yalikuwa maumivu ya siku za hedhi tu. Siku hizi yanaanza siku tatu kabla na yanaendelea hata damu ikishakata. Nikiwa kwenye siku zangu, haja kubwa naipata kwa machozi. Tendo la ndoa linaniuma kwa ndani, na mume wangu ameanza kudhani simtaki. Tuna mwaka wa tatu kwenye ndoa na sijashika mimba. Nimetibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara nyingi mno, kisha PID (maambukizi ya nyonga na mirija ya uzazi), nimemeza dawa na kuchomwa sindano. Ultrasaundi mbili zimesema kizazi kiko safi. Mama mkwe anasema ni chango na amenitafutia dawa ya mizizi. Juzi muuguzi mmoja alinitajia endometriosisi, akanishauri nichome sindano ya uzazi wa mpango. Je, ndiyo ninayo? Nitajuaje, kama vipimo havioni kitu?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole sana. Kuanzia kidato cha pili hadi leo ni zaidi ya miaka 10 ya kuumwa huku ukiambiwa huna kitu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu naona umekwisha kupewa majibu mafupi ya kutosha.

Kwa maelezo yako, endometriosisi ndiyo ninayoishuku kwanza. Sijakupima, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba unayo. Lakini ungeingia kliniki leo na maelezo haya haya, hilo ndilo jina ambalo ningeliandika juu kabisa kwenye faili lako, na ultrasaundi mbili safi zisingenifanya nilifute. Maumivu yaliyoanza ujanani pamoja na hedhi, yakawa yanatanuka mwaka hadi mwaka mpaka yakatoka nje ya siku za hedhi; haja kubwa kuuma siku hizo hizo; tendo la ndoa kuuma kwa ndani; mimba kuchelewa. Kila kimoja peke yake kina sababu nyingi. Vikija vyote kwa mtu mmoja, vinaelekeza upande mmoja.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Mfuko wa uzazi una utando wa ndani unaojengeka kila mwezi na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, tishu inayofanana na utando huo inaota mahali pasipo pake: juu ya ngozi laini inayofunika nyonga kwa ndani, kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya mlango wa kizazi, juu ya utumbo au kibofu. Nayo inasikiliza homoni zile zile. Inavimba, inavuja damu kidogo, inawasha mishipa ya fahamu iliyo karibu, na kwa kuwa haina njia ya kutokea nje, mwili unaizungushia kovu. Miaka ikipita, makovu yanagandisha viungo vilivyopaswa kuteleza kimoja juu ya kingine. Ndiyo maana haja kubwa inakuliza siku za hedhi, na ndiyo maana tendo la ndoa linaumiza ndani kabisa, si mlangoni.

Chanzo chake hakijafungwa kwa jibu moja. Daktari John Sampson wa Marekani, aliyeupa ugonjwa huu jina tunalolitumia, alieleza miaka ya 1920 kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia ndani ya nyonga. Hilo ni kweli, lakini linawatokea wanawake wengi sana, na walio wengi hawaugui. Kinga ya mwili na urithi vina sehemu yake. Muulize mama yako na dada zako walivyokuwa kwenye siku zao. Akiwapo ndugu wa damu aliyeteseka hivi, mwambie daktari, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea ndani ya familia.

Tena hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao, yaani watu wapatao milioni 190 duniani, na kwamba tangu dalili zianze mpaka jina lipatikane hupita miaka 4 hadi 12. Hapa kwetu Afrika Mashariki wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza kupitia mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024. Kwake ulifika hadi kifuani na kuathiri mapafu. Hali kama ile ni nadra, usiichukue ukajitisha nayo. Namtaja kwa sababu alisimama hadharani akasema yale ambayo wasichana wengi walifundishwa kuyanyamazia.

Sasa ultrasaundi. Ile uliyofanyiwa, nadhani, ni ya kupakwa jeli tumboni ukiwa umebana mkojo. Inaona fibroidi, yaani uvimbe wa nyama ya mfuko wa uzazi, inaona mimba, inaona uvimbe mkubwa kwenye vifuko vya mayai. Mabaka ya endometriosisi yaliyotandaa juu ya ngozi ya ndani ya nyonga mara nyingi ni ya milimita chache, tena bapa, na hayaonekani kwa kipimo hicho hata mpimaji awe hodari kiasi gani. Vinavyoweza kuonekana ni uvimbe ndani ya kifuko cha mayai uliojaa damu nzito ya zamani ya rangi ya kahawia, ambao madaktari huuita uvimbe wa chokoleti, na vinundu vilivyozama ndani, hasa nyuma ya mlango wa kizazi kuelekea utumbo. Vinundu hivyo vinahitaji ultrasaundi ya kupitia ukeni na mtu anayejua anachokitafuta. Mpimaji mzuri hatazami picha iliyotulia tu. Anasukuma taratibu na kuangalia kama mfuko wa uzazi unateleza juu ya utumbo au vimeshikana vinakwenda pamoja. Anakuuliza pia panapouma ni wapi hasa.

Kwa hiyo neno "safi" kwenye karatasi zako lisome kwa kipimo chake: hakuna fibroidi kubwa, hakuna uvimbe mkubwa. Halisemi zaidi ya hapo. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, inaona vinundu vilivyozama vizuri zaidi, lakini nayo inayakosa yale mabaka madogo, na bei yake unaijua. Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho CA-125 ambacho watu wanauziwa kwa kazi hii. Usikinunue. Kinaweza kupanda kwa sababu nyingi, hata hedhi yenyewe, na kinaweza kuwa cha kawaida kwa mtu mwenye ugonjwa mkubwa.

Nije kwenye UTI na PID, maana hapo ndipo miaka yako mingi ilipopotelea.

Msichana akifika kituoni akasema tumbo la chini linauma, anapelekwa kupima mkojo. Mkojo ukiwa umechukuliwa bila kujisafisha, ukachanganyika na ute wa ukeni, utaonyesha chembe za usaha. Anaandikiwa dawa. Maumivu yanaisha kwa kuwa hedhi imeisha, na kila mtu, hata mgonjwa mwenyewe, anaamini dawa imefanya kazi. Mwezi unaofuata yanarudi; sasa inaitwa UTI sugu, na dawa inapanda ngazi. Mwalimu, hebu zikumbuke dozi zako moja moja: je, nafuu ilikuja siku ya pili au ya tatu ya dawa, au ilikuja siku damu ilipokata? Safari nyingine ukiambiwa una UTI, omba mkojo uoteshwe maabara kabla hujameza chochote. Kukiota vijidudu, tibiwa kikamilifu. Kusipoota, kataa dawa kwa heshima.

PID ni ugonjwa wa kweli na si wa kudharauliwa, maana unaziba mirija. Lakini una sura yake: mara nyingi homa, uchafu usio wa kawaida ukeni, maumivu makali daktari akiutikisa mlango wa kizazi. Tiba yake ina utaratibu, kwa kawaida sindano ya seftriaksoni pamoja na doksisaiklini na metronidazo kwa siku 14, na mwenzi naye anatibiwa. Aliyetibiwa hivyo pamoja na mumewe, na bado kila hedhi inarudi na maumivu yale yale aliyokuwa nayo bwenini akiwa kidato cha pili, hastahili kupewa dozi ya tano ya dawa ile ile. Anastahili swali jipya.

Kosa hili lina historia, nami huumia kila nikiisoma. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 madaktari walifundishwa kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu, wenye uwezo, wanaochelewa kuzaa. Mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga alihesabiwa kuwa na PID, yaani mwenendo wake ndio ulioshukiwa kwanza. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alichapisha matokeo ya wanawake weusi aliowachungulia nyonga kwa laparoskopi, yaani kamera inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo: zaidi ya 1 kati ya 5 walikuwa na endometriosisi, na karibu 4 kati ya 10 ya hao walikuwa wamekwisha kuambiwa wana PID. Karibu nusu karne imepita. Barua yako inanionyesha kwamba mazoea yale hayajaisha.

Kabla hatujaliegemea jina moja, kuna mengine ya kuangalia, na kwa mtu wa Kanda ya Ziwa siwezi kuyaruka. La kwanza ni kichocho. Wengi wanakijua kile cha kukojoa damu, lakini mayai ya kichocho hicho hicho hukaa pia kwenye mlango wa kizazi, ukeni na hata kwenye mirija, yakaleta maumivu ya nyonga, damu baada ya tendo la ndoa, na ugumba. Kama ulikua ukiingia kwenye majaruba ya mpunga, malambo au madimbwi, mwambie daktari hivyo. Atatazama mlango wa kizazi kwa kifaa, atatafuta madoa ya rangi ya mchanga na vimishipa visivyo vya kawaida. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya siku moja na inapatikana kwa urahisi. Na kumbuka kwamba kutokuwa na mayai kwenye mkojo hakukanushi kichocho cha via vya uzazi.

La pili ni TB ya nyonga. Inakuja kimyakimya, inaziba mirija, na mara nyingine dalili pekee ni kutoshika mimba. Kama nyumbani aliwahi kuwapo mtu aliyetibiwa TB, au unapungua uzito, unatoka jasho usiku, hedhi inazidi kuwa chache, litaje hilo mwenyewe usisubiri kuulizwa. Halafu kuna adenomayosisi, ambapo tishu hiyo hiyo imeingia ndani ya nyama ya mfuko wa uzazi, na mara nyingi inafuatana na endometriosisi. Kuna fibroidi, utumbo unaokaza, misuli ya nyonga iliyokakamaa kwa kuumwa muda mrefu. Magonjwa mawili kwa mtu mmoja si ajabu.

Sasa ufanye nini? Anza na kitu usichohitaji kukilipia. Chukua daftari la wanafunzi, weka tarehe, siku ya hedhi, na maumivu kwa alama kutoka 0 hadi 10. Andika mstari mmoja kila jioni, hata siku ambazo huumwi. Kwa mfano: "Jumanne, siku ya 2. Alama 8. Nimetapika asubuhi. Haja kubwa imeuma kama kisu. Diklofenaki mara mbili, imetuliza kwa muda wa saa tatu. Vipindi viwili nimeomba mwenzangu anifundishie." Siku ya tendo la ndoa andika kama paliuma, na ni mlangoni au ndani. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili au mitatu. Daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango anaweza kuyapita maneno "tumbo linaniuma sana". Kurasa zinazoonyesha alama 8 na 9 tarehe zile zile, mwezi baada ya mwezi, si rahisi kuzipita. Kwa maoni yangu daftari hilo lina thamani kuliko ultrasaundi ya tatu ya tumboni.

Usisubiri liishe ndipo uanze safari. Omba rufaa kutoka hospitali ya wilaya kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Shinyanga kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando kule Mwanza kama itahitajika. Kwa kawaida bima nyingi hazitambui safari ya ubingwa isiyo na barua ya rufaa, kwa hiyo ipate mapema. Ukiingia chumbani, usianze na orodha ya dawa ulizotumia. Anza hivi: "Daktari, maumivu yangu yanafuata hedhi tangu nina miaka kama 15, yanaongezeka, haja kubwa na tendo la ndoa vinauma, na natafuta mtoto mwaka wa tatu. Naomba tuangalie kama ni endometriosisi." Akikataa, muulize kwa upole ni kipi kinachomfanya aiondoe. Ni swali la haki, na daktari anayeijua kazi yake hatalichukia.

Atahitaji kukupima ukeni. Omba nesi wa kike awepo kama unataka. Kwa vidole viwili atagusa nyuma ya mlango wa kizazi, zilipo kano zinazoushika mfuko wa uzazi kwa nyuma. Palipo na vinundu anaweza kuvihisi, na mgonjwa mara nyingi hushtuka na kusema hapo hapo, ndipo panapouma nikiwa na mume wangu. Kipimo hicho kinachukua dakika chache, na nasikitika kuona wanawake wanaopita vituo vitano bila hata mmoja kukifanya. Usijikaze ukanyamaza wakati huo. Maumivu yako ndiyo anayoyatafuta.

Zamani tulifundishwa kwamba bila kuchungulia tumbo kwa laparoskopi hakuna ruhusa ya kuliita jina. Hilo limebadilika. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha madaktari wa uzazi, ESHRE, wa mwaka 2022 unaruhusu tiba ianze kwa historia, kipimo cha mkono na picha, na laparoskopi ibaki kwa wale ambao picha hazionyeshi kitu, au dawa zimeshindwa, au dawa hazifai. Kwa nchi zetu, ambako laparoskopi haipo kila mkoa, ni mabadiliko makubwa, na natamani kila kliniki iyajue.

Wewe, hata hivyo, unatafuta mtoto, na hapo njia inagawanyika.

Muuguzi aliyekutajia jina hili umshukuru, amekusaidia kuliko wengi. Na sindano aliyoishauri kweli inapunguza maumivu ya endometriosisi. Vivyo hivyo vidonge vya uzazi wa mpango, vidonge vya projestini kama norethisteroni na dienogesti, kijiti, na kitanzi chenye homoni. Zote zinavituliza vifuko vya mayai au kuzuia ule utando usijengeke, ili kila mwezi kusiwe na moto mpya. Kwa asiyetafuta mimba sasa ndizo ninazoanza nazo, na hofu kwamba zinaua kizazi haina msingi. Lakini hazimpi mtu mimba, wala hazimwongezei nafasi ya kuipata baadaye. Sindano ya miezi mitatu ina jambo la ziada: baada ya dozi ya mwisho uwezo wa kushika mimba huchukua kwa wastani kama miezi 10 kurudi, na kwa wengine zaidi. Kwako wewe wa mwaka wa tatu wa kusubiri, nisingeichagua.

Kwa njia ya mtoto, jambo la kwanza ni kumpima mumeo mbegu. Najua inavyokuwa: mke anazungushwa hospitali na kwa waganga miaka yote, mume hajatoa hata sampuli moja. Kipimo hicho ni rahisi, hakiumi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na uliyokwisha kutumia. Pamoja nacho, kuangalia kama yai linapevuka, na picha ya mirija kwa dawa ya kuonekana kwenye eksirei, ile wanayoiita HSG, ambayo inaonyesha kama mirija iko wazi. Kwa umri wako wa miaka 28 bado una nafasi nzuri, lakini miaka mitatu ni muda wa kutosha wa kuanza uchunguzi wa wote wawili. Usikubali kuambiwa endeleeni kujaribu.

Hapo ndipo laparoskopi inapopata uzito kwako, kwa kuwa inaweza kufanya mawili kwa mara moja: kuona na kuondoa. Ni upasuaji wa matundu madogo, unalazwa usingizi, kamera inaingia kupitia kitovuni, mabaka yanakatwa au kuchomwa, viungo vilivyogandana vinaachanishwa, na kinyama kinapelekwa maabara kuthibitisha. Utafiti uliofanyika Canada na kuchapishwa 1997, wenye wanawake 341 waliokuwa na endometriosisi ndogo na hawashiki mimba, ulionyesha kwamba katika wiki 36 karibu 31 kati ya kila 100 waliosafishwa mabaka walipata mimba iliyovuka wiki 20, dhidi ya 18 kati ya 100 waliochunguliwa tu bila kuondolewa kitu. Si muujiza, lakini ni tofauti ya kweli.

Kabla ya kukubali kisu, uliza. Upasuaji utakuwa wa matundu madogo au wa kufungua tumbo? Daktari atakayeufanya ameufanya kwa endometriosisi mara nyingi, au kwa mara chache? Kama kuna uvimbe wa chokoleti kwenye kifuko cha mayai, atauondoaje bila kuharibu mayai yaliyobaki? Swali la mwisho hilo usilisahau, kwa sababu uvimbe huo ukivuliwa kwa pupa mayai mengi mazima huondoka nao. Na ujue kwamba ugonjwa unaweza kurudi baada ya upasuaji. Heri upasuaji mmoja uliopangwa vizuri, hata ukiungojea na kuusafiria, kuliko mitatu ya haraka inayoacha makovu mapya. Mirija ikiwa imeziba au mbegu zikiwa chache, kupandikiza mimba kunafanyika Dar es Salaam na Nairobi. Gharama ni mamilioni, kwa hiyo ni vema kujua mapema kama njia yenu inaelekea huko badala ya kuzimaliza akiba kwenye dawa zisizo na majina.

Maumivu yenyewe usiyaache yakutese wakati uchunguzi unaendelea. Ibuprofeni au diklofenaki zinazuia kemikali inayoufanya mfuko wa uzazi ukaze, na zinafanya kazi vizuri zikitangulia. Wengi wanangoja mpaka wanagaragara chini ndipo wanameza. Wewe daftari litakuonyesha siku yako. Anza ule mchana unaposikia dalili za kwanza, meza baada ya chakula, kwa mfano ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, kwa siku mbili au tatu, kisha acha. Usizichanganye ibuprofeni na diklofenaki, ni familia moja. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, au pumu inayoamshwa na dawa hizi asizitumie bila daktari. Na hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza kabla ya kumeza. Hapo tumia parasetamo. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Misuli ya nyonga iliyozoea kujikaza ina mazoezi yake, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukufundisha kuilegeza. Muulize daktari wako wa rufaa kama hospitalini wapo wanaoshughulika na nyonga.

Kuhusu mama mkwe. Wazee wetu waliyaona maumivu haya na kuyapa jina la chango kabla sisi hatujaja na kamera zetu, na anayekutafutia mizizi anakutafutia mjukuu kwa mapenzi. Mshukuru. Lakini mizizi usiinywe, hasa mwezi unaotarajia mimba, maana hujui kipimo chake wala kinachofanya kwenye ini na figo. Na kitu chochote cha kuweka ukeni, iwe unga, kidonge cha kuvuta uchafu au maji ya kusafishia kizazi, kikatae kabisa, hata muuzaji akuonyeshe shuhuda mia kwenye simu. Hakuna uchafu kule ndani unaosubiri kuvutwa. Vitu hivyo vinachubua, vinaua bakteria wazuri, vinafungua mlango kwa maambukizi, na kile kinachotoka kama utando mnachoonyeshwa mara nyingi ni ngozi yako mwenyewe iliyoungua. Biashara hii inanikasirisha, kwa sababu inawala hasa wanawake ambao hospitali imewaambia hawana kitu.

Utaambiwa pia ukizaa utapona. Mimba huwapa baadhi nafuu ya muda. Si tiba, na kumwambia hivyo mtu ambaye mimba ndiyo anayoililia ni ukatili hata kama haukukusudiwa. Wengine watakuambia toa kizazi. Ugonjwa uko nje ya kizazi, kwa hiyo kukitoa peke yake hakuuondoi lazima, na kwa miaka 28 hilo si la kuzungumza.

Mumeo naye nina neno lake, umsomee. Baba, mkeo hakukwepi. Mahali panapoguswa wakati wa tendo ndipo penye kidonda, na mwili wake unajikaza kabla hata yeye hajataka. Zipo siku za mwezi zenye unafuu, daftari litawaonyesha. Ipo mikao ambayo yeye ndiye anayeamua kina, na hiyo hupunguza maumivu. Mkipata siku hizo katikati ya mzunguko, ndizo pia siku za yai. Nenda naye kliniki, uingie naye chumbani, usibaki kwenye benchi la nje.

Mwisho, mambo ambayo hayasubiri rufaa. Maumivu makali ya ghafla huku hedhi imechelewa, hasa upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Vilevile homa pamoja na maumivu, kutapika kusikokoma, damu inayolowesha pedi moja au zaidi kila saa, au mkojo kugoma kutoka.

Ukishapata majibu ya ultrasaundi ya kupitia ukeni, ya HSG na ya mbegu za mumeo, niandikie tena, mwanangu, pamoja na kurasa za daftari lako za miezi miwili. Kwa hayo manne nitaweza kukuambia kama ningekuwa daktari wako ningekupeleka kwenye laparoskopi sasa, au ningeanza kwingine.